Hodi ya Meni Swichi

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Naapa kwa mkono wangu huu wa kulia, ambao umeshika waya wa moto mara nyingi kuliko ulivyoshika jembe, na vidole vyake vyote bado vipo. Kama humu ndani mna neno moja la uongo, nguruwe pori na waimalize mihogo yangu kabla haijakomaa.

Kasulu mjini yupo fundi umeme aitwaye Isihaka, mtoto wa muuza vitenge aliyehamia kutoka Ujiji. Nyumba aliyoifunga waya Isihaka hairudiwi. Watu wa Titye wanalijua hilo, na hata huku kwetu Kibondo tunalijua. Inasemekana aliwahi kufunga taa kwenye banda la kuku la mwalimu mmoja, ikawaka kwa utulivu hata kuku wakaanza kutaga kwa foleni. Mimi sikuwaona hao kuku, lakini aliyenisimulia ni mtu wa kuaminika.

Kama fundi yeyote aliyeiva, Isihaka aliwapenda wanagenzi jinsi mkulima anavyoipenda mvua: ije, ila isije siku ya kuanika mihogo. Kwake jicho ndiyo shule. Kijana anabeba begi, anashika ngazi, anakwenda kununua chapati, anatazama. Haulizi. Siku ikifika anapewa testa, anaambiwa, "Gusa hapo." Akibaki amesimama, amefaulu.

Kisha akaja Dorcas wa Rungwe Mpya.

Dorcas si kijana. Ni mama mtu mzima, ana wajukuu, na ni mkubwa kwa Isihaka kwa miaka ya kutosha. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni. Leo ni Mtanzania mwenye shamba la maharage na mashine ya kusaga. Ni hiyo mashine iliyomleta. Kila ikizima, mafundi walimwambia "nakuja, mama," wakaja wateja wamekwisha kurudia kutwanga kwenye vinu. Siku moja akachoka. Akatokea kibarazani kwa Isihaka na testa mpya, plaizi mpya na kigoda chake mwenyewe.

"Fundi," alisema, "nifundishe."

Isihaka alichanganyikiwa tangu asubuhi hiyo. Mwanafunzi ndiye anayemwamkia fundi, hiyo haina mjadala. Lakini mdogo ndiye anayempa shikamoo mkubwa, na hilo nalo halina mjadala. Basi kila siku walikutana mlangoni, wote wawili wakafungua midomo kwa pamoja.

"Shika..."

"Shika..."

"Sema wewe, mama."

"Hapana, wewe ndiye fundi."

Wakaishia kukohoa. Na chapati je? Utamtuma vipi mama wa watu gengeni, "Nenda, na usichelewe"? Isihaka hakuweza. Ikawa yeye ndiye anayekwenda kununua, huku mwanafunzi amekaa kigodani anakunja waya. Mkewe, Mwajabu, alipomwona anapita na chapati kwenye gazeti, alishika kiuno.

"Baba Asmahani, hivi aliyeajiriwa pale ni nani?"

"Usiniulize. Hata mimi sijui."

"Basi leo muulize bosi wako kama atakuruhusu kurudi mapema."

Hayo yangevumilika. Lililomwangusha Isihaka ni swali.

Isihaka alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuwasha umeme kwenye nyumba mpya, husimama mbele ya meni swichi, huigonga kwa mpini wa testa na kuita kwa sauti, "Hodi! Hodi! Hodi!" Hunyamaza kidogo, kisha hupandisha. Wateja waliipenda hiyo. Walisema fundi huyu ana adabu hata na umeme. Vijana wote waliopita mikononi mwake waliiiga, na hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza.

Siku hiyo walimaliza duka la muuza viatu pale sokoni. Isihaka akagonga, akaita, akapandisha, taa zikawaka. Dorcas akainamisha kichwa kama kuku anayetazama mwewe.

"Kubera iki, fundi?"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo kusema, kwa nini. Unambishia hodi nani?"

"Umeme."

"Umeme unaitika?"

"Hauitiki, mama. Umeshasikia umeme ukiitika?"

"Sasa kama hauitiki, mbona unaingia? Kwetu ukibisha hodi tatu usiitikiwe, unarudi nyumbani."

Isihaka alianza kurudisha testa kwenye begi. Muuza viatu naye akasogea kusikia jibu. Kwa kweli ndivyo. Mtu mwenye adabu, hodi ya tatu isipojibiwa, anageuza. Na yeye maisha yake yote ya ufundi alikuwa akiingia kwa umeme bila kukaribishwa, tena akijisifu kuwa ana adabu!

"Ndivyo nilivyofundishwa," akasema hatimaye.

"Ego," alisema Dorcas, ambayo kwao ni ndiyo. Lakini aliisema kama mtu anayeweka kitu mfukoni akitazame baadaye.

Ungedhani ni jambo dogo. Wewe jaribu leo kula ugali huku unajiuliza tonge unalifinya kwa kidole kipi na kwa nini. Utalala na njaa. Isihaka alianza kujitazama mikono. Kwa nini anamenya waya akiugeuzia kushoto? Kwa nini anaipuliza holda ya taa kabla ya kuifunga? Kwa nini plasta ya kufungia waya anaikata kwa meno na kisu anacho? Kila alichokifanya kiligeuka na kumtazama usoni. Naye Dorcas hakuwa na ubaya wowote, alikaa kigodani na kuuliza kwa upole, "Na hiyo nayo, kubera iki?"

Ndipo kazi ya kanisa la Kagerankanda ikafika.

Kanisa lilikuwa jipya, la matofali ya kuchoma, na askofu alitarajiwa Jumapili kuja kuliweka wakfu. Wazee wa kanisa walimtaka Marselino, fundi kijana wa Kibondo. Mchungaji Reverien ndiye aliyekataa. Alisimama mbele yao akasema, "Isihaka. Huyo akifunga, hairudiwi." Alilisema kanisani, watu wamejaa. Kwa hiyo taa zisipowaka Jumapili, haliangushwi jina la Isihaka peke yake, linaangushwa na la mchungaji.

Isihaka na Dorcas walivuta waya, wakafunga swichi, wakafunga holda. Isihaka alifanya kazi kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya mwenzie gizani. Alipomaliza akaenda mbele ya meni swichi, akainua testa. Akakumbuka: hauitiki, mbona unaingia? Akaishusha. Akaona haya kubisha, akaogopa kutobisha. Mwishowe alinong'ona "hodi" moja, kama mwizi mwenye malezi mazuri, akapandisha.

Mchungaji akabonyeza swichi ya mimbari. Ikawaka taa ya choo, kule nje.

Akabonyeza ya choo. Ikawaka ya kwaya.

Akabonyeza ya kwaya. Hakikuwaka kitu, ila feni ya madhabahuni ilianza kuzunguka, na karatasi za ratiba zikaruka.

"Fundi," alisema Mchungaji Reverien taratibu, "hii maana yake askofu akienda msalani, kwaya ndiyo inaona?"

"Sielewi, mchungaji. Haki ya Mungu sielewi."

"Mimi niliwaambia wazee hairudiwi."

"Nakumbuka."

"Nakupa mpaka Ijumaa. Isipokaa sawa namwita Marselino, halafu mimi nitatafuta pa kuuficha uso wangu."

Nje, Isihaka alikaa juu ya begi lake. Alitaka kumfukuza Dorcas. Maneno aliyatafuta, akayapanga: kuanzia leo usije. Lakini mama wa umri ule unamwambiaje? Unaanza na shikamoo kisha unamfukuza? Dorcas akaleta kigoda, akakaa karibu naye.

"Ni mimi niliyekuharibu?"

"Ni wewe."

"Pole. Mimi niliuliza tu. Nilidhani jibu unalo, unaninyima, maana mafundi mnaficha. Sikujua kwamba hata wewe hujapewa."

Hilo lilimchoma kuliko feni ya madhabahuni.

"Nani alikufundisha hiyo hodi?"

"Mzee Bazilio. Wa Kibondo. Ameshastaafu."

"Bado mzima?"

"Nasikia anasema uongo bado, kwa hiyo mzima."

"Basi twende tukamuulize."

Asubuhi iliyofuata wakapanda basi la Kibondo.

Mzee Bazilio, kwa wale wasiomjua, ni mtu mwenye busara na sura nzuri, hajaenda chuo chochote. Umeme aliusoma kwa kufungua redio za watu na kuzifunga kabla wenyewe hawajarudi. Aliwapokea wageni vizuri mno. Akawatolea viti, akachomeka hita kwenye ndoo ili kahawa ipate maji ya moto. Redio ilikuwa inaimba. Isihaka hakungoja hata kahawa.

"Mzee, nimekuja na swali moja. Hodi ile. Kwa nini?"

"Hodi ipi?"

"Ya meni swichi. Uliyonifundisha."

"Aaa!" Mzee akajinyoosha. "Hodi ile ina siri kubwa. Umeme, mwanangu, ni mgeni. Unatoka mbali, unapita milima, unafika umechoka. Ukiuamsha ghafla, unapiga."

"Lakini kama umeme ndio mgeni, si ungebisha wenyewe?" akauliza Dorcas. "Mgeni ndiye anayebisha."

"Huyu ni nani?"

"Mwanafunzi wangu."

Mzee akamtazama Dorcas, akamtazama Isihaka, akakohoa. "Ee, mgeni ni namna ya kusema. Ukweli wenyewe ni kwamba kwenye boksi la meni swichi hupenda kulala mijusi. Ukigonga, wanatoka."

"Mimi nimegonga miaka yote," alisema Isihaka, "sijaona mjusi."

"Kwa sababu walishasikia hodi! Wanatokea nyuma." Mzee alishaanza kupata moto. "Lakini sababu kubwa, ile ya ndani, nitawaambia leo kwa sababu mmetoka mbali. Nilikuwa nafunga ghala la kahawa. Ghala kubwa, ukiingia upande huu umeoa, ukitokea upande ule una watoto watatu. Nikasahau kubisha. Nikaweka mkono hivi. Umeme ukanishika, ukanitikisa, ukanirusha! Nilitoka dirishani, nikapita juu ya mgomba, juu ya jirani, nikatua kwenye sufuria la maharage ya..."

Redio ikakata. Hita ilikuwa imezidi nguvu, na meni swichi ya nyumba ikaruka chini, ta! Mzee aliinuka, maneno yakiwa bado mdomoni, akaenda ukutani, akachomoa hita kwa mguu, akapandisha swichi kwa kidole gumba, akarudi kukaa.

"...ya msiba. Nikapaliwa na maharage. Tangu siku ile, naapa, sijagusa meni swichi bila kubisha hodi."

Redio ilikuwa imerudi kuimba. Isihaka alimkodolea macho mzee kama aliyeona ng'ombe akipanda mti. Dorcas ndiye aliyesema.

"Mzee. Kubera iki?"

"Kubera iki nini?"

"Hukubisha."

Hapa ningeweza kuendelea kumsimulia Bazilio kama mtu mwingine na kumsifu sura, lakini Dorcas ameniahidi kwamba nisipoandika kweli atakuja kuandika yeye. Haya. Bazilio ni mimi.

"Mzee," Isihaka alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyepotelewa na njia ya nyumbani kwake. "Kanisa liko gizani. Ijumaa naporwa kazi. Nimekuja kutafuta kweli, tafadhali, nipe hata kama ni ndogo."

Basi nikampa. Kweli yangu ilikuwa ndogo kweli.

"Ulipokuja kwangu ulikuwa kijana mwenye haraka. Unakumbuka nyumba ya yule muuza dagaa? Nilikuwa juu ya ngazi, waya mkononi. Wewe chini ukasema moyoni, ngoja nione kama inawaka. Ukapandisha meni swichi."

"Ikawaka?"

"Niliwaka mimi. Ulikuwa umegeukia ukuta, hukuona. Nilishuka bila kutumia ngazi, nikakuambia nimeteleza."

"Mbona hukunigombeza?"

"Ningekugombeza, ungejua kwamba naogopa. Sikuogopa umeme, huo nimeuzoea. Nilikuogopa wewe. Kila ulipokwenda karibu na ile swichi, niliibana ngazi kwa magoti. Nikafikiri, huyu nimpe kitu cha kumfanya apige kelele kabla hajaniua. Nikakuambia umeme unataka hodi. Nawe ukaamini. Nikawa nikisikia hodi, naachia waya, naita 'karibu', ndipo unapandisha."

Isihaka alisogeza kiti karibu. "Kulikuwa na karibu?"

"Ilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa naitika. Ulipoanza kufanya kazi peke yako hapakuwa na wa kuitika, ukabaki na hodi."

"Miaka yote nilidhani nauheshimu umeme. Kumbe ni wewe uliyekuwa unaniogopa mimi." Hakujua acheke au alie, uso ulijaribu vyote viwili. "Na mimi sasa, huyu mama, natakiwa nimwogope?"

"Si tayari unamwogopa?"

"Sana," alisema Isihaka.

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema Dorcas, "na mimi nawaogopa nyie wote wawili." Kisha akasimama, akakunja kanga kiunoni. "Mzee, uongo wako umelifunga kanisa la watu. Utalipa."

"Nilipe nini, mama? Nina mihogo..."

"Mihogo kaa nayo. Utakuja kushika ngazi."

"Mimi mstaafu! Goti hili..."

"Njoo nalo."

Nilimtazama Isihaka anitetee. Alikuwa anachungulia ndani ya kikombe chake cha kahawa, ambacho hakikuwa na kahawa.

Hivyo ndivyo mimi, Bazilio, niliyewahi kuwa na vijana wanaonibebea hata miwani, nilivyoingia Kagerankanda na ngazi begani nyuma ya mama mwenye kigoda. Mchungaji Reverien aliniuliza kama mimi ni fundi niliyeletwa kutoka Kibondo. Dorcas akajibu, "Huyu ni saidia fundi. Anajifunza."

Waliniingiza darini, kwa kuwa mimi ndiye mwembamba. Bati lilikuwa la moto kama kikaango, na popo walioamshwa mchana walinipigapiga masikioni. Isihaka alikuwa chini, ametoa swichi zote nje ukutani. Umeme tulishaukata. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: anashika waya mmoja, anauvuta kidogo na kuita, "Hodi!" Mimi huko juu napapasa katika lile fundo la waya kama nyoka, ninaousikia ukitikisika naushika, naita, "Karibu!" Dorcas katikati ya ngazi anaufunga uzi wa rangi na kusema ni wa taa gani. Waya baada ya waya. Mara nyingine nilisema karibu kwa waya wa uongo, nikiwa nimechoka, Isihaka akavuta tena, na Dorcas akanitazama kwa jicho lile la kuku na mwewe.

Nikiwa kule juu ndipo Isihaka aliponisimulia yote niliyowaandikia: shikamoo, chapati, maneno ya Mwajabu. Alipiga kelele kutoka chini, nami nikapiga kelele kutoka juu, na mchungaji nadhani alisikia yote. Kila mara aliuliza, "Mzee, na kupuliza holda, kwa nini?" Nilitaka kumpa mjusi mwingine. Nikakumbuka goti langu limelipa kiasi gani tayari. "Sijui," nilisema. "Labda vumbi. Nilimwona mtu akifanya." Nikamsikia Isihaka anapuliza holda, kwa wasiwasi, nusu pumzi.

Alhamisi alasiri tukamaliza, au tulidhani tumemaliza. Wazee wa kanisa wakaja, wakakaa kwenye mabenchi mapya na mikono kifuani. Mimi nilikuwa bado juu ya ngazi nafunika holda ya mwisho juu ya mimbari, wakati Isihaka alipomwambia Dorcas, "Leo pandisha wewe."

Niseme sasa kilichonipata. Niliutazama mkono wa yule mama ukienda kwenye meni swichi, nikaibana ngazi kwa magoti, kama zamani. Sikukumbuka kama nimeshaachia waya. Nilikuwa nimeachia? Nilitazama mikono yangu, sikuielewa.

"Hodi!" Dorcas aliita.

Nilikuwa nahesabu vidole.

"Hodi!"

Mzee mmoja wa kanisa akamwambia mwenzie, "Mbona haitiki?"

"Hodi, mzee! Ya tatu hii. Usipoitika narudi Rungwe Mpya, taa mtawasha wenyewe."

"Karibu!" nililia. "Karibu, mama, karibu!"

Akapandisha. Mimbari ikawaka mimbarini, kwaya ikawaka kwenye kwaya, na feni ya madhabahuni ilitulia mpaka ilipoamriwa. Mchungaji Reverien alifumba macho, akatoa pumzi kama puto. Taa ya choo nayo iliwaka, ingawa swichi yake ilikuwa imezimwa, na mpaka leo hatujui kwa nini. Isihaka alisema ataitazama baada ya askofu kuondoka. Wazee wakasema choo chenye mwanga hakijamdhuru mtu.

Isihaka alinisaidia kushuka. Nilidhani atanishukuru, au atanitukana, nikajiandaa kwa lolote. Alisema tu, "Mzee, hivi uliponitazama mimi kipindi kile, ulijisikia kama sasa?"

"Kila siku."

"Na bado ukanifundisha?"

"Nilishakubali mbele ya baba yako. Ningefanyaje?"

Akatikisa kichwa, bado haelewi, akaenda kuzungushia waya uliobaki mkononi. Nami nikachukua kofia yangu, nikaanza kuelekea barabarani, deni nimelipa, nyumbani mihogo inaningoja.

"Mzee Bazilio!" Dorcas aliita nyuma yangu. "Unakwenda wapi? Hayo yalikuwa malipo ya uongo wa mjusi. Ya sufuria la maharage bado hujalipa. Mashine yangu inataka waya mpya."

Nikarudi, nikainama, goti likalia, nikaipandisha ngazi begani.